Njia ya Chumvi ya Hallstatt

Wasikilizaji wangu, leo nawaombeni tufuatane mpaka nchi ya Austria, katikati ya bara la Ulaya, tukatembee katika njia ya kijiji kimoja kiitwacho Hallstatt. Si kijiji kikubwa. Wenyeji wake hawafiki 800. Hakuna vita kuu iliyopiganwa hapo, wala hapakuwa na makao ya mfalme. Walakini wataalamu wa mambo ya kale wameiita enzi nzima ya historia ya Ulaya kwa jina la kijiji hiki, na sababu yake ni kitu ambacho kila mama anacho jikoni mwake. Kitu hicho ni chumvi.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Hallstatt iko kando ya ziwa, na ziwa hilo limezungukwa na milima pande zote. Maji yake yako futi 1,660 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake chapita futi 400. Upande wa kusini husimama mlima Dachstein, ambao kilele chake chakaribia futi 10,000, na juu yake mna barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Milima hii haishuki polepole kama vilima vya malisho. Hushuka wima, kama ukuta wa nyumba, hata ikaingia majini. Kati ya ukuta huo na maji pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi, na juu ya ukanda huo watu wamejenga nyumba zao, moja juu ya nyingine, kama viota vya mbayuwayu chini ya dari.

Reli ilifika bonde hili mwaka 1877, lakini ilipita ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa kuwa upande wa kijiji hapakuwa na nafasi. Hata leo msafiri ashukaye katika gari la moshi huna budi kumwona akivuka kwa mashua. Na barabara je? Barabara ya kwanza ilifanywa mwaka 1890, nayo ilibidi mwamba upasuliwe kwa baruti ili ipate kupita. Kabla ya mwaka huo, mtu aliyetaka kufika Hallstatt alikuja kwa mashua au kwa vijia vyembamba vya mlimani. Hata kumwendea jirani haikuwa kazi nyepesi. Katika nyumba za ufukoni watu waliendeana kwa mashua, au walipita njia ya juu, ambayo ilikuwa ujia mdogo upitao ndani ya dari za nyumba. Fikirini, ndugu zangu, njia ya kijiji ipitayo juu ya vichwa vya watu waliolala!

Labda mtu atauliza, Kwa nini watu wakae mahali pa shida namna hii, pasipo shamba la kutosha kulima wala uwanja wa kulisha ng'ombe wengi? Jibu liko mlimani, zaidi ya futi 1,000 juu ya mapaa ya nyumba. Huko juu pana bonde dogo, na chini ya bonde hilo, ndani ya tumbo la mlima, mna chumvi ya mawe. Ni mabaki ya bahari ya zamani sana iliyokauka kabla mwanadamu hajakuwako, kisha ikafunikwa na kuinuliwa pamoja na milima. Basi watu wa Hallstatt hawakuchagua ziwa kwa uzuri wake. Walifuata chumvi, na miguu yao ndiyo iliyofanya njia tutakayoipanda sasa.

Tuanze safari yetu kanisani. Kanisa la Wakatoliki limejengwa juu ya mwamba, na kuifikia nyua yake hupandwa kwa ngazi. Kiwanja cha makaburi kinachozunguka kanisa ni kidogo mno, kwa maana hata wafu hawakupata nafasi katika kijiji hiki. Basi wenyeji walikuwa na desturi yao. Mtu alipokwisha kuzikwa miaka kumi au zaidi, kaburi lake lilifunguliwa ili mwingine apate mahali. Mifupa ilitolewa, fuvu likasafishwa, likaachwa nje mpaka likawa jeupe kwa jua na hewa. Kisha fundi alichora juu ya paji lake taji la maua au la majani, akaandika na jina. Mafuvu hayo yamepangwa katika nyumba ndogo ya mifupa karibu na kanisa. Yako kama 1,200, na katika hayo 610 yamechorwa. Yamepangwa kwa jamaa, baba karibu na mama, na watoto pamoja na wazazi wao.

Msiichukie desturi hii upesi. Mtu asiyejua angesema ni ukatili kuwafukua wafu. Lakini wenyeji waliona kwamba kuandika jina juu ya mfupa ni njia ya kukataa kusahau. Kaburi laweza kuota majani na jiwe laweza kuanguka, lakini jina lililoandikwa juu ya fuvu hukaa na mwenyewe. Wekeni jambo hili moyoni, kwa sababu huko juu tutakutana na watu wengi waliokufa bila kuachiwa hata jina moja.

Sasa tupande. Njia hupinda kushoto na kuume, kushoto na kuume, msituni, kama nyoka apandaye mti. Siku hizi kiko chombo kivutwacho kwa kamba ya chuma ambacho huwapandisha watu kwa dakika chache, lakini anayetaka kuifahamu historia ya mahali hapa na aende kwa miguu. Hata katika karne ya 19 wanawake wa kijiji walishuka katika njia hii wakiwa na vikapu mgongoni vilivyojaa chumvi ya mawe. Pumzi ikianza kumpungua msafiri, na awakumbuke hao, kwa kuwa wao walipita hapa wamelemewa, kiangazi na wakati wa theluji.

Juu kabisa ya mpando husimama mnara wa mawe. Ulijengwa mwaka 1284 kwa amri ya mtawala Albrecht ili kuilinda chumvi, akauita Rudolfsturm, maana yake Mnara wa Rudolf, kwa jina la baba yake. Chumvi ilikuwa mali kuu. Hapakuwa na barafu ya kutengenezwa kwa mashine wala makopo ya kuhifadhia chakula. Nyama na samaki zilihifadhiwa kwa chumvi, na bila chumvi jeshi halikusafiri wala mji haukupita salama katika majira ya baridi. Mwaka 1311 Malkia Elisabeth, mjane wa Albrecht yule, aliwapa watu wa Hallstatt haki ya kuwa na soko. Tangu hapo watawala hawakuliacha bonde hili lipotee machoni pao, kwa sababu faida ya chumvi iliingia katika hazina yao.

Nyuma ya mnara ule kuna bonde la majani, kimya, lenye miti pembezoni. Msafiri asiyejua angepita bila kugeuka. Lakini mwaka 1846 msimamizi wa machimbo, jina lake Johann Georg Ramsauer, alikuwa akitafuta kokoto za kutengenezea njia, akakuta mifupa ya mtu na vyombo vya kale. Mtu mwingine angevichukua vyombo vya thamani na kuitupa mifupa. Ramsauer hakufanya hivyo. Alifukua pole pole, kaburi baada ya kaburi, mpaka mwaka 1863, akafikia makaburi 980. Kila kaburi lilipewa nambari na kuandikiwa habari zake, na picha za rangi zilichorwa kuonyesha jinsi mifupa ilivyolala na kila kitu kilikuwa wapi. Yeye hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa machimbo. Lakini kwa uangalifu wake wataalamu wa leo waweza kuvisoma vitu ambavyo vingalipotea milele.

Makaburi yale ni ya watu walioishi hapa tangu miaka 800 hivi kabla ya Kuzaliwa kwa Kristo, na miaka mingi iliyofuata. Ndani yake mlikuwa na panga za shaba na za chuma, vyungu, vyombo vikubwa vya shaba na mapambo. Mlikuwa na kaharabu, ambayo hutoka pwani za kaskazini ya Ulaya. Tena mlikuwa na upanga ambao mpini wake ulitengenezwa kwa pembe ya ndovu. Ndovu hawakai Ulaya, nanyi mwajua. Pembe ile ilitoka mbali, ama Afrika ama Asia, ikavuka bahari na kupita mikono ya watu wengi, hata ikapandishwa katika njia hii tuliyoipanda sasa hivi. Kwa nini? Kwa sababu chumvi ilishuka katika njia hii hii kwenda kuinunua. Enzi ile ndiyo iitwayo na wataalamu Enzi ya Hallstatt.

Basi tusidhani kwamba watu wale wa kale walikuwa matajiri waliokaa wakistarehe juu ya mali yao. Wataalamu wameichunguza mifupa ya makaburi yale, na mifupa haisemi uongo. Mtu achukuaye mzigo mzito tangu utoto, mifupa yake hulika mahali panapobeba uzito. Mtu apigaye sururu kila siku, mabega na mikono yake hupata alama. Katika makaburi ya Hallstatt alama hizo zimeonekana kwa wanaume waliopiga sururu, na kwa wanawake waliochukua mizigo. Zimeonekana hata kwa watoto. Aliyezikwa na mapambo ya shaba alikuwa na shingo ya mchukuzi.

Tuingie sasa ndani ya mlima wenyewe. Chumvi ina tabia moja ya ajabu: huzuia kuoza. Vitu ambavyo mahali pengine vingalikuwa mavumbi tangu zamani, humu vimedumu, kama ngozi, kamba, nguo za sufu na miti. Mwaka 1838 ilipatikana sururu iliyofanywa kwa pembe ya ayala, na umri wake wakisiwa kuwa miaka 7,000. Umeonekana pia mfuko wa ngozi ya ng'ombe wa kuchukulia chumvi mgongoni, mfano wa shanta. Mfuko huu ulifikiriwa kwa akili nyingi. Ulichukuliwa kwa mkanda mmoja begani, na upande wa pili mchukuzi alishika mti uliouzuia usipinduke. Alipofika penye shimo la kupandishia chumvi aliuachilia ule mti, mfuko ukapinduka na kumwaga mzigo, wala hakuna haja ya kuutua. Mwalimu gani wa ufundi asingejivuna kumpata mwanafunzi aliyebuni kitu kama hicho?

Lakini kitu kinachonigusa kuliko vyote ni ngazi. Mwaka 2003 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ndani ya mlima ngazi ya mti, nzima, yenye urefu wa futi 26 na upana wa futi 4. Wataalamu walihesabu mizunguko iliyo ndani ya miti yake, ile ambayo mti huongeza mmoja kila mwaka, wakajua kwamba miti hiyo ilikatwa miaka ya 1344 na 1343 kabla ya Kuzaliwa kwa Kristo. Vidato vyake vilitengenezwa hivi kwamba viliweza kuinuliwa au kulazwa kidogo kufuata mteremko wa shimo, ili mguu usiteleze. Upana ule nao una maana. Waliopanda na mizigo na walioshuka watupu waliweza kupishana bila kungojeana.

Pamoja na ngazi na mifuko, mlima umehifadhi takataka za watu wale, vijiti vya mti vilivyochomwa ili kutoa mwanga gizani, mipini iliyovunjika, vipande vya nguo na hata mabaki ya choo. Kwa kuyachunguza mabaki hayo imejulikana kwamba walikula uji mzito wa shayiri, mtama mdogo na maharagwe. Uzito wa mlima umezikandamiza takataka hizi pamoja na chumvi mpaka zimekuwa kama mwamba mmoja. Wachimbaji wa siku za baadaye, walipokata mwamba huo na kuona vijiti na ngozi ndani yake, waliuita Mlima wa Wapagani.

Jina hilo linatuleta kwenye mwaka mmoja katika historia ya Hallstatt ambao haufai kusahauliwa, mwaka 1734. Mwaka ule wachimbaji walikuta ndani ya mlima maiti ya mtu aliyekandamizwa ndani ya chumvi. Alikuwa mchimbaji wa kale, aliyefunikwa na mlima ulipoporomoka, na chumvi ilikuwa imeihifadhi maiti yake. Wakafanyaje? Walimchukua chini kwenda kumzika. Lakini hakulazwa pamoja na Wakristo. Kwa kuwa ilifikiriwa kwamba alikuwa mpagani, alizikwa kando, naye hajapatikana tena hata leo.

Sisi tuliosomeshwa katika misioni twajua uchungu ulio katika habari hii. Wengi wetu tuna wazee waliokufa kabla Injili haijafika kijijini, nao wamelala kando ya mashamba waliyoyalima wao wenyewe. Je, kwa sababu hawakubatizwa, si baba zetu? Yule mtu wa chumvini alipita njia ile ile, alipiga mwamba ule ule, akafa kwa kazi ile ile ya wale waliomkuta. Huenda alikuwa na mke aliyemngoja nje ya shimo siku ile, kama walivyokuwa na wake wao. Alikuwa mwenzao, ila hawakumtambua.

Na katika mwaka huo huo wa 1734 jambo la pili lilitendeka, na hili liliwapata watu walio hai. Wengi wa wachimbaji wa bonde hili walikuwa Walutheri kwa siri. Waliisoma Biblia nyumbani usiku na kuvificha vitabu vyao, kwa maana nchi ilikuwa ya Wakatoliki na Kaisari Karl VI hakuruhusu imani nyingine. Walipojitokeza na kusema wazi wanavyoamini, walihukumiwa kuhamishwa. Tangu 1734 mpaka 1737 mamia ya watu wa bonde hili na vijiji vya jirani walipakiwa mashuani na kushushwa kwa mto Traun, kisha kwa mto Danube, wakapelekwa mbali mashariki mpaka Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Rumania. Huko Walutheri walikuwa na ruhusa ya kusali. Kaisari hakutaka kuwafukuza nje ya milki yake, asije akapoteza watu wa kazi na wa kodi. Alitaka tu wasionekane hapa.

Basi yatazameni mambo haya mawili pamoja. Mwaka mmoja, kijiji kimoja. Mfu alikataliwa kwa kuwa hakuijua Biblia, na walio hai walikataliwa kwa kuwa waliisoma. Nasema hivi si kwa kulishutumu dhehebu hili au lile, maana kila dhehebu lina kurasa zake za aibu. Nasema hivi kwa sababu nguvu ikijifanya mwamuzi wa nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu, hapakosi mtu wa kuachwa nje ya mlango. Miaka 47 ilipita. Mwaka 1781 Kaisari Joseph II alitoa amri ya kuwaachia Walutheri wasali, ila nyumba yao ya sala isiwe na mnara wala kengele. Mwaka 1863 kanisa lao lilikamilika ukingoni mwa ziwa, na mnara wake mrefu mwembamba ndio unaoonekana leo katika picha zote za Hallstatt. Wakatoliki nao, tangu 1623, hufanya maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa mashua ziwani. Leo minara miwili hutazamana, na kengele za yote mawili husikika juu ya maji yale yale.

Kutoka mlimani tuishike sasa njia ya pili, ile ya bomba. Katika karne ya 16 watu walikuwa wameacha kuchimba chumvi kwa sururu peke yake. Waliingiza maji katika vyumba ndani ya mlima, maji yakayeyusha chumvi, kisha yakatolewa na kuchemshwa katika makarai makubwa mpaka chumvi ikabaki. Kazi hiyo hula kuni bila kushiba, na misitu ya karibu ilikuwa ikiisha. Wakafanya shauri la ajabu. Badala ya kuleta kuni kwenye chumvi, waliipeleka chumvi kwenye kuni. Tangu 1595 mpaka 1607 walitengeneza bomba la mti kutoka Hallstatt mpaka Ebensee, ambako palikuwa na misitu mingi, mwendo wa maili 25. Magogo kama 13,000 yalitobolewa katikati na kuunganishwa moja kwa moja. Hapakuwa na mashine ya kusukuma. Njia yote ilipimwa ili iteremke kidogo kidogo, maji yaende yenyewe. Penye bonde la mto Gosau bomba lilivushwa juu ya nguzo, na mwaka 1757 zilijengwa nguzo ndefu za mawe ambazo zingali zimesimama.

Kando ya bomba ilibidi kuwe na ujia, ili walinzi wapite kutazama panapovuja au palipoangukiwa na jiwe. Ujia huo ndio njia ya leo ya kutembea kwa miguu. Umetengenezwa tena, una vyuma vya kushikia mahali pa hatari, na vibao vya kueleza historia. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili unaliona ziwa chini, jeusi asubuhi na la kijani adhuhuri. Na bomba halijafa. Magogo yameondolewa na mabomba ya siku hizi yamewekwa, lakini maji ya chumvi ya Hallstatt yangali yakienda Ebensee kama yalivyokwenda zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kwa hiyo msafiri anayetembea hapa hatembei juu ya kitu kilichokufa. Kazi ingali ikipita karibu na miguu yake.

Sasa tushuke tena kijijini, maana kuna shida mpya ambayo ni haki mwijue. Mwaka 1997 Hallstatt na milima yake iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia wote. Sifa zake zimeenea, hata mwaka 2012 ulifunguliwa katika jimbo la Guangdong, nchi ya China, mtaa mzima uliojengwa kwa kuiga kijiji hiki. Siku za wageni wengi, watu wapatao 10,000 huingia katika kijiji cha watu wasiofika 800. Mwezi wa Agosti 2023 wenyeji waliandamana kuomba hesabu ya wageni ipunguzwe. Hapo kale njia nyembamba ilikilinda kijiji. Sasa njia imekuwa pana mno kwake. Wageni wengi hukaa saa chache, hupiga picha ya mnara na ziwa, kisha huenda zao. Ngazi ya mlimani hawaioni, wala majina yaliyo juu ya mafuvu hawayasomi.

Siwalaumu wageni, wala siwalaumu wenyeji waliochoka. Mgeni huleta riziki, na mwenyeji ana haki ya kulala usingizi. Lakini naona ya kuwa njia ya kale ikitengenezwa kwa ajili ya macho tu, imetengenezwa nusu. Mawe yaweza kupangwa upya na vyuma vikapigwa rangi, lakini kama mtembezi hajui ni nani waliopita na walichukua nini, yeye anatembea mahali pengine tu penye mandhari nzuri. Katika Hallstatt waliokumbukwa kwa jina ni watawala, malkia na msimamizi mmoja mwangalifu. Wachukuzi wa mifuko ya ngozi, wanawake wa vikapu, watoto wenye shingo zilizolika, walinzi wa bomba, na wale waliopakiwa mashuani mwaka 1734, wengi wao hawakuachiwa jina. Walioshuhudia habari zao ni mifupa, vidato vya ngazi na njia yenyewe.

Ninyi wanafunzi mnaonisikiliza, nawapa kazi moja. Kila kijiji kina njia yake ya kale, iendayo kisimani, sokoni, ziwani au mlimani. Mwulizeni mzee wa kwenu ni nani walioifungua, walipita na mizigo gani, na ni kwa hiari au kwa kulazimishwa. Andikeni majina atakayoyataja, yote, hata yale ya watu wadogo, tena andikeni kwa wino. Ramsauer alianza na kokoto za kutengenezea njia, akaishia kuwarudishia watu 980 mahali pao katika historia. Wazee wetu wamekuwa na subira ya kutosha, lakini hawana chumvi ya kuwahifadhi. Waendeeni wiki hii.